Kijiji cha Ngeu: Taarikhi ya Roussillon, Kilimani mwa Provence

Katika pande za kusini-mashariki ya Ufaransa, baina ya mlima wa Luberon uliojinyosha kusini na milima ya Vaucluse iliyokinga kaskazini, liko bonde pana lipitiwalo na mto Calavon. Na katika bonde hilo, juu ya kilima kilichoinuka zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kipo kijiji kiitwacho Roussillon, ambacho kuta zake, ngazi zake, vizingiti vya milango yake na vumbi la njia zake vyote vina rangi ya udongo uliovizaa, hapa manjano, pale chungwa, kwingine wekundu wa kutu. Mji ulio karibu nacho ni Apt, kilomita kumi hivi upande wa mashariki. Wakazi wake ni zaidi ya elfu moja, na wengi wao hawakai ndani ya kijiji chenyewe juu ya kilima, bali katika nyumba zilizotawanyika mashambani.

Msafiri akikitazama kwa mbali kijiji cha namna hii, kilichojikusanya kilimani na kanisa lake kileleni, huwa mwepesi wa kudhani kwamba watu wake wamekaa hapo tangu kale wakioana na kuzikana pasipo kujuana na dunia, na kwamba habari za ulimwengu, kila zilipowafikia, ziliwafikia zimekwisha kupoa. Dhana hiyo imekaririwa mara nyingi, nami naiona kuwa ni dhuluma kwa watu wa milimani. Kwa maana taarikhi ya Roussillon na ya majirani zake, mtu akiifuatia kwa makini, ni taarikhi ya mahali palipofungamana na bahari, na forodha, na maabara za Berlin, na masoko ya Marekani, kiasi cha kuwa ni vigumu kuitaja karne ambayo kilima hicho kiliishi kwa nafsi yake peke yake.

Tuanze na udongo, maana ndio asili ya yote. Katika zama zisizopimika kwa umri wa wanadamu, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, bonde hili lilikuwa chini ya bahari, na chini ya bahari hiyo ulitanda mchanga wa kijani wenye madini ya chuma. Bahari ilipojitenga na nchi kavu ikainuka, mvua nyingi na joto kali la zama hizo viliuosha mchanga ule karne kwa karne, vikayayeyusha baadhi ya madini yake, na chuma kilichobaki kikashikana na hewa na maji kikawa rangi. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ngeu, ambayo ni jamii ya ule udongo ambao maseremala wa pwani yetu waliutia katika uzi wao ili kupiga mstari juu ya ubao kabla ya kuupasua. Walakin katika machimbo ya Roussillon ngeu haikukaa peke yake, bali imechanganyika na mchanga mtupu, hata katika shehena kumi za udongo uliochimbwa huenda ikapatikana moja au mbili tu za rangi safi. Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa kuwa taabu yote ya wafanyakazi wa hapa ilikuwa ni kuitenga moja ile na tisa zile.

Warumi waliijua ngeu hii na kuitumia, kisha dola yao ikaanguka na maarifa hayo yakasahauliwa. Walichokiacha kilicho dhahiri zaidi katika bonde hili ni daraja la Pont Julien, lenye matao matatu ya mawe, lililojengwa juu ya Calavon mwaka wa 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika njia kuu ya Via Domitia iliyounganisha Italia na Hispania. Na uimara wake ni wa kustaajabiwa, maana magari yalikuwa yangali yakilipita hadi mwaka 2005.

Kwa nini basi watu wakaiacha njia nzuri ya bondeni, wakapanda vilimani? Masimulizi ya Provence husema kuwa waliwakimbia Waarabu. Na ni kweli kwamba tangu mwisho wa karne ya 9 walikuwako Waislamu waliotoka Andalusia kwa njia ya bahari, wakashika ngome karibu na ghuba ya Saint-Tropez, mahali ambapo wanajiografia wa Kiarabu walipaita Jabal al-Qilal na ambapo hati za Kilatini hupataja kwa jina la Fraxinetum. Wakakaa hapo kwa muda wa karibu miaka tisini wakizitawala njia za milima ya Alps, hata mwaka 972 walipomkamata njiani mkuu wa watawa wa Cluny na kumtoza fidia, ghadhabu ikawaunganisha mabwana wa nchi waliokuwa wakigombana wao kwa wao, na haukupita muda ngome ile ikavunjwa chini ya uongozi wa Guillaume, mtawala wa Provence. Lakini wanachuoni waliochungua mawe na hati wameonyesha ya kuwa aghalabu ya ngome za vilimani zilijengwa baada ya Waislamu hao kuondoka, katika karne ya 11 na ya 12, na kwamba aliyewapandisha watu mlimani alikuwa bwana wao mwenyewe, aliyetaka kuwakusanya chini ya buruji lake ili awalinde, na awatoze kodi, na awahukumu. Mimi naafikiana na wanachuoni hao. Ni rahisi kumsingizia mgeni aliyekwisha kwenda zake, na singizio hili limedumu muda mrefu mno.

Wala watu waliokaa katika vilima hivyo hawakuwa ukoo mmoja uliorithishana ardhi tangu enzi na enzi. Tauni kubwa ya mwaka 1348 iliikumba Provence, ikaviacha vijiji vingi mahame. Na ilipofika karne ya 15, mabwana wa Luberon, wakiona mashamba yao yamegeuka vichaka, waliwaita wakulima kutoka mabonde ya Alps waje kuyalima kwa mikataba. Wengi wa wahamiaji hao walikuwa wafuasi wa Valdo, mfanyabiashara wa Lyon wa karne ya 12 aliyegawa mali yake kwa masikini na kuhubiri ufukara, na ambao Kanisa liliwahesabu kuwa ni wazushi. Waliifufua ardhi, wakavijenga upya vijiji, na malipo yao yakawa yale ya mwezi wa Aprili mwaka 1545, wakati jeshi lililoongozwa na Jean Maynier d'Oppède, rais wa mahakama kuu ya Aix, lilipoziteketeza Mérindol na Cabrières na vijiji vingine kadha wa kadha, watu wengi wakauawa, na wanaume walionusurika wakapelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Magofu ya Mérindol ya kale yangali yanaonekana juu ya kilima chake. Nayataja haya, ijapokuwa Mérindol si Roussillon, kwa kuwa vijiji hivi ni majirani wa mlima mmoja, na mtu anayewasifu watu wa Luberon kuwa ni shina moja lisilochanganyika huwa amewafuta wale walioitwa, wakalima, kisha wakachinjwa.

Mwaka 1720 merikebu Grand-Saint-Antoine iliwasili Marseille kutoka nchi za Sham ikiwa na shehena ya nguo na pamba, na pamoja na shehena ile ikaja tauni. Wenye mali walitaka bidhaa zao ziwahi soko, masharti ya karantini yakalegezwa, na katika muda wa miezi michache kiasi cha nusu ya watu wa mji ule wakafa. Mwaka uliofuata, ili kuikinga nchi ya Comtat Venaissin, iliyokuwa milki ya Papa wa Roma, ulijengwa ukuta wa mawe makavu, yaani mawe yaliyopangwa pasipo chokaa wala udongo, wa urefu wa kilomita 27, ukapita juu ya milima ya Vaucluse inayoonekana kutoka Roussillon. Tauni iliuvuka ukuta, ikaingia Avignon. Na hapo askari wa mfalme wa Ufaransa wakashika zamu, wakakaa nyuma ya mawe yale yale wakitazama upande wa pili, wakiwazuia watu wa Papa wasivuke kuja Provence. Vipande vya ukuta huo vingalipo, na katika vichaka vya mwaloni mtu huweza kuukuta ghafula, umesimama kifuani mwake.

Rangi ya kwanza kuitajirisha nchi hii haikuwa ngeu. Katika karne ya 18, Mwarmenia aitwaye Hovhannes Althounian, ambaye Wafaransa walimwita Jean Althen, na ambaye ujanani mwake alitekwa akatumikishwa katika nchi ya Anatolia, aliwafundisha watu wa pande za Avignon ukulima wa mmea uitwao garance, ambao mizizi yake ikikaushwa na kusagwa hutoa wekundu wa kutilia nguo. Katika karne iliyofuata mmea huo ukaenea Vaucluse nzima, hususan baada ya serikali, mwaka 1829, kuamuru askari wa miguu wavae suruali nyekundu. Usitawi ule uliangushwa na watu wawili ambao wakulima wa Vaucluse hawakupata kuwaona. Mwaka 1868 wanakemia Carl Graebe na Carl Liebermann, katika maabara huko Berlin, walifaulu kuiunda rangi hiyo hiyo kutokana na lami ya makaa ya mawe, ikauzwa kwa bei ambayo mkulima hakuiweza, na katika muda wa miaka kumi na ushei mashamba ya garance yakatoweka. Askari wa Ufaransa walibaki na suruali zao nyekundu hadi vita vya mwaka 1914, na wekundu wake ulikuwa ukitoka Ujerumani.

Hariri nayo ilikuwa na nakama yake. Karibu kila nyumba ya shamba ilikuwa na miforsadi uwanjani na chumba cha kufugia viwavi, na kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanawake, ambao waliyabeba mayai ndani ya vifuko vidogo vifuani mwao, chini ya nguo, ili joto la mwili liyaangue. Kisha walikuwa hawalali wakati viwavi walipokua, kwa kuwa viwavi hula majani usiku na mchana pasipo kukoma. Katikati ya karne ya 19 viwavi walianza kufa kwa ugonjwa wenye madoa meusi, na mwaka 1865 serikali ikamtuma Louis Pasteur katika mji wa Alès, ng'ambo ya mto Rhône, auchunguze. Akagundua namna ya kuyatenga mayai mazima kwa kutumia hadubini. Ilikuwa elimu kubwa, lakini mwaka 1869 ukafunguliwa mfereji wa Suez, mfereji ule ule uliozibadili safari za pwani yetu, na hariri ya China na Japani ikaingia Marseille kwa wepesi usiopata kuonekana. Miaka hiyo hiyo mdudu aliyetoka Amerika aliishambulia mizizi ya mizabibu, akaiua nchi nzima. Kwa hiyo mkulima mmoja wa Roussillon, katika umri wake wa kawaida, aliweza kuyaona mazao matatu aliyoyategemea babaye, garance na hariri na zabibu, yakianguka moja baada ya jingine, na wala hakuwa ametenda kosa lolote katika shamba lake.

Hapo ndipo ngeu ikapata daraja. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwisho wa karne ya 18 na mwenyeji wa Roussillon, Jean-Étienne Astier, aliyefikiri namna ya kuuosha mchanga wa kijiji chake kwa maji ili kuipata rangi safi inayoweza kuuzwa. Lakini kwa muda mrefu ilibaki kuwa kazi ndogo, kwa sababu bidhaa ilikuwa nzito, thamani yake si kubwa, na gari la farasi lilikula faida njiani. Mwaka 1877 reli ilifika Apt kutoka Cavaillon, na kuanzia siku hizo mapipa ya ngeu yaliweza kupakiwa katika behewa bondeni na kushushwa penye gati ya Marseille, tayari kwenda ng'ambo.

Inafaa kuieleza kazi hiyo kwa ukamilifu, kwani waliokuja baadaye kuyasifu majabali mekundu ya Roussillon aghalabu wameyasifu pasipo kuwataja waliofanya kazi. Mchimbaji alitoka na sururu na beleshi, akaung'oa mchanga katika ukuta wa machimbo ya wazi au ndani ya mapango yaliyochimbwa tumboni mwa kilima. Na kwa kuwa nchi ile ni kame wakati wa kiangazi, na maji yake hupatikana kwa wingi katika majira ya mvua na baridi, uoshaji ulifanywa wakati huo, mikono na miguu ikiwa ndani ya maji yaliyokaribia kuganda. Mchanga ulimwagwa katika mfereji, maji yakapitishwa juu yake: mchanga mzito ukazama ukabaki, na maji, yakiwa yameuchukua ule unga mwepesi wa rangi, yakaendelea hadi katika hodhi pana zilizochimbwa ardhini. Hapo yakaachwa yatulie. Ngeu ikashuka polepole chini, maji masafi yakatolewa kwa juu, mengine yenye rangi yakaingizwa, yakaachwa tena, tabaka juu ya tabaka, hata majira ya baridi yalipokwisha hodhi ikawa imejaa tope zito lenye rangi moja tangu juu hadi chini. Ndipo jua la Mei na Juni liliposhika zamu yake. Tope lilipokauka kiasi cha kumbeba mtu, wafanyakazi waliingia ndani ya hodhi, wakalipiga mistari, wakalikata vipande kama matofali, wakavipanga safu kwa safu zenye nafasi katikati ili mistral, ule upepo mkavu wa kaskazini unaovuma Provence siku kadhaa mfululizo, ukamilishe kazi ya jua.

Sehemu kubwa ya ngeu ya bonde hili ni ya manjano kwa asili yake, na wekundu uliotakiwa na wanunuzi ulipatikana kwa moto. Manjano hayo ni chuma kilichofungamana na maji. Yakitiwa tanurini maji yale hutoka, na unga hugeuka mwekundu. Mambo yalikuwa katika kipimo: moto ukipungua rangi hubaki baina ya huku na huko, moto ukizidi hufifia ubora wake, na mwenye kujua ni yule fundi aliyesimama mbele ya tanuri kwa miaka mingi, akiutazama unga unavyobadilika, naye hakuwa na chombo cha kupimia ila macho yake. Baada ya hapo ngeu ilisagwa vinuni hata ikawa laini, ikachekechwa, ikatiwa katika mapipa. Vumbi lake halikuwa na mpaka. Liliingia katika nguo, katika nywele, katika mikunjo ya ngozi, na wengi wa watu hao walikuwa pia wakulima, wenye kutoka hodhini wakaenda mizabibuni, kwa hiyo hapakuwa na msimu wa mwaka ambao mikono yao ilikuwa imepumzika.

Katika kitongoji cha Bruoux, katika wilaya ya Gargas iliyo jirani, wachimbaji waliingia ndani ya kilima wakafuata mkondo wa ngeu, na walichokiacha humo ni ajabu ya kazi ya binadamu: njia nyingi zinazokatana, zenye dari la tao lililochongwa kwa sururu hata likawa laini, na kimo kinachofika mita 15 mahali pengine. Walianza juu kabisa, wakichonga dari kwanza kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu dari hilo ndilo lililokuwa dhamana ya maisha yao; kisha wakateremka chini kidogo kidogo, wakichimba walipokuwa wamesimama. Machimbo yalipofungwa, mapango hayo yalitumiwa kwa kuoteshea uyoga, na tangu mwaka 2009 baadhi yake yamefunguliwa kwa watazamaji.

Ngeu ilikwenda wapi? Ilikwenda katika rangi za kupaka nyumba, katika karatasi za kupambia kuta, katika zulia za linoliamu, na kwa wingi katika viwanda vya mpira, ambako ilichanganywa na mpira ili kuupa rangi na unene. Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mwaka 1929 bonde zima la Apt lilitoa kiasi cha tani 40,000, na haijapata kutolewa tena kiasi hicho. Kwani mwaka huo huo masoko ya fedha ya New York yalianguka, viwanda vikapunguza manunuzi, na wanunuzi waliporejea sokoni wakakuta rangi zilizoundwa kiwandani, zilizo rahisi na zisizotegemea majira. Kisha vikaja vita. Kiwanda cha Mathieu, kilichoanza mwaka 1921 nje kidogo ya kijiji cha Roussillon, kilivumilia, na mwaka 1963 nacho kikafungwa.

Kuna kisa ambacho kila mgeni wa Roussillon husimuliwa: kwamba zamani bibi wa ngome, Sermonde, alipendana na mtunga mashairi kijana, Guillaume de Cabestan, na mumewe alipojua alimwua kijana, akautoa moyo wake, akauamuru upikwe na kuletwa mezani kwa mkewe, na bibi, alipoambiwa alichokula, akajitupa kutoka jabalini, damu yake ikaupaka udongo rangi hadi leo. Kisa ni cha kale na kizuri katika aina yake, na Boccaccio, mwandishi wa Italia wa karne ya 14, amekitia katika hadithi zake. Lakini mshairi huyo alikuwa mtu wa Roussillon nyingine, iliyo chini ya milima ya Pyrenees karibu na Hispania, na kijiji chetu kimekiazima kwa ajili ya kushirikiana jina. Siwalaumu wanaokisimulia. Ninachosikitikia ni kwamba wekundu wa mahali pale umepewa damu ya bibi mmoja asiyekuwapo, ilhali walikuwapo mamia ya wanaume waliokwenda kwao jioni wakiwa wekundu kutoka unyweleni hata wayoni, ambao visa vyao havisimuliwi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1942 alifika kijijini hapo mkimbizi mmoja mrefu, mkimya, mwenye asili ya Ireland, pamoja na mwenziwe Suzanne Deschevaux-Dumesnil. Alikuwa Samuel Beckett. Huko Paris walikuwa katika kundi la siri lililopinga utawala wa Wajerumani, kundi likasalitiwa, rafiki zao wakakamatwa, nao wakaponea chupuchupu. Walikaa Roussillon kiasi cha miaka miwili. Beckett alifanya kazi za shamba kwa wenyeji ili kupata chakula, akavuna zabibu, akawasaidia wapiganaji wa msituni, na usiku akaandika riwaya yake *Watt*. Na baada ya vita, mwaka 1945, akapewa nishani ya Croix de guerre. Katika tamthilia yake *En attendant Godot*, iliyochapishwa mwaka 1952, Vaucluse na mavuno ya zabibu na wekundu wa udongo wa Roussillon vimetajwa ndani ya matini ya Kifaransa, pamoja na jina la mkulima wa hapo. Na mwaka 1969 mtu yule yule aliyekuwa akichuma zabibu kwa mkate akapewa tuzo ya Nobel. Alipofika hakuna aliyemtarajia kuwa mtu mashuhuri. Walimpokea kwa kuwa alikuwa na shida, na wale waliomjua hawakumsaliti, na hilo kwangu ni jambo kubwa zaidi kuliko kutajwa katika tamthilia.

Mgeni wa pili wa kutajwa ni Laurence Wylie, mwalimu wa Kimarekani, aliyekuja na mkewe na wanawe wawili wakakaa mwaka mzima, 1950 hadi 1951, akisoma maisha ya kijiji nyumba kwa nyumba, shuleni, kahawani, katika baraza la mji na mazikoni. Kitabu chake, *Village in the Vaucluse*, kilitoka mwaka 1957, na ndani yake alikisitiri kijiji kwa jina la Peyrane. Wylie alikuja na dhana ile niliyoitaja mwanzo, ya watu waliootea mahali pamoja kwa karne nyingi, na alipozifungua daftari za hesabu ya watu alikuta kinyume chake: jamaa nyingi zilikuwa zimetoka kwingine, na nyingine nyingi zilizokuwako zamani zilikuwa zimekwenda zao. Kadhalika alikuta huzuni. Kijiji kilikuwa kimepoteza watu na kazi, vita vilikuwa vimepita miaka michache tu, vingine vilihofiwa, na mkulima alipoulizwa kwa nini hapandi miti ya aprikoti alijibu kuwa haoni maana ya kupanda bustani ambayo Warusi na Wamarekani wataigeuza uwanja wa mapigano. Alikuwa mtu aliyejua, kwa urithi wa babaye na babuye, ya kwamba mambo ya mbali hufika hadi mlangoni pake, na jibu lake halikutoka katika ujinga bali katika taarikhi. Wylie aliporejea kiasi cha miaka kumi baadaye aliikuta miti ya matunda imekwisha kupandwa, na matrekta yamenunuliwa kwa mkopo.

Tangu hapo umekuja utajiri wa namna nyingine. Watu wa mijini walizinunua nyumba zilizokuwa zikibomoka, wasafiri wakaongezeka, na kijiji kikaingizwa katika orodha ya vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa. Njia ya watazamaji, iliyo hatua chache kutoka makaburini, huwapitisha katikati ya kuta ndefu zilizochongoka, na wengi hutoka humo wakiyasifu maumbile. Nao wamesifu nusu ya jambo, kwa kuwa korongo lile ni machimbo, na mchanga uliokosekana pale ulitolewa kwa beleshi. Kwa bahati njema kiwanda cha Mathieu hakikuachwa kikaanguka. Mwaka 1995 kilifunguliwa upya, na matanuri yake, mifereji yake, hodhi zake na vinu vyake vyaonekana hadi leo kila kimoja mahali pake, na waashi na wapaka rangi huenda pale kujifunza namna ya kuchanganya ngeu na chokaa kwa ajili ya kuta za kale. Rangi yenyewe haikukoma kuchimbwa: ingaliko kampuni moja ya bonde la Apt yenye machimbo Gargas, ambayo kila mwaka huuosha mchanga kwa maji, huiacha ngeu itulie mabwawani, na huikausha kwa jua kabla ya kuisaga na kuituma kwa wanunuzi wa Ufaransa na wa ng'ambo.